Mshukiwa Asiye na Lafudhi

Theis Birk Larsen ana kampuni ndogo ya kuhamisha samani, mabega mapana, na simu sikioni. Upande wa pili wa simu yupo mkewe, Pernille, anayesubiri kuambiwa kwamba binti yao Nanna amepatikana. Theis ameziona taa za polisi, na gari linavutwa kutoka majini. Anakimbilia huko, polisi wanamzuia, anapiga mayowe. Simu haijakatwa. Pernille anasikia yote, na kamera inabaki usoni mwake.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya Forbrydelsen, tamthilia ya Søren Sveistrup iliyoanza kuonyeshwa Januari 2007 na DR, shirika la utangazaji la umma la Denmaki. Kidenmaki sijui hata salamu yake. Maandishi ya tafsiri yalikuwapo chini ya skrini kama kawaida, ila pale hayakuwa na kazi, maana Theis hatamki jambo la kuandikika.

Msimu huo wa kwanza una sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja: siku 20 za kumtafuta aliyemuua msichana mmoja wa miaka 19. Katika tamthilia nyingi za polisi maiti ni mlango tu, ukishaupita hukumbuki ulikuwa wa rangi gani. Hapa wafiwa hawaondoki. Kila usiku tunarudi jikoni kwao. Na mtazamaji wa kwetu, aliyezoea msiba wa kwetu, hakawii kujiuliza: watu wako wapi? Hakuna turubai, hakuna mkeka, hakuna mashangazi wanaomenya viazi uani, hakuna kijana mwenye daftari la rambirambi. Wapo mume, mke na watoto wawili wadogo wa kiume, na anayebisha hodi mara nyingi kuliko jamaa ni mpelelezi. Sidhani Sveistrup alikusudia tuone hivyo. Kwa Mdenmaki huenda jiko lile ni jiko la kawaida lenye huzuni. Kwangu upweke ule ulikuwa jinai ya pili, na hakuna aliyekuwa akiichunguza.

BBC Four ilipoionyesha Uingereza mwaka 2011, sehemu mbili kila Jumamosi usiku, iliwanasa watu ambao walikuwa wakisema hawawezi kusoma huku wanatazama. Ikashinda tuzo ya BAFTA ya tamthilia za kigeni. Magazeti yakaandika kuhusu sweta ya mpelelezi Sarah Lund, ile ya sufu kutoka visiwa vya Faroe, mpaka sweta ikawa maarufu kuliko muuaji. Wengine wakasema siri ni giza la Novemba, mvua na ukimya wa watu wa kaskazini. Sina ugomvi na sweta wala mvua, lakini mvua hunyesha hata kwenye tamthilia mbovu.

Mimi siri yake naitafuta sikioni. Mswahili akimsikia mtu akisema sentensi mbili, ameshamweka mahali pake. Huyu wa Pemba, huyu amekulia Mwanza, huyu Kiswahili chake cha Nairobi, huyu katoka Lubumbashi, na yule pale amesoma shule za kulipia na anataka tujue. Hatufanyi makusudi. Na mahali hapaji peke yake, panakuja na furushi la hukumu: huyu mpole, huyu mjanja, huyu ana fedha, huyu usimkopeshe. Mwandishi wa hadithi ya upelelezi, ambaye riziki yake ni kutuficha jambo moja mpaka mwisho, hushindana na masikio hayo kabla ya kushindana na akili zetu.

Mwaka 2021 Showmax na Canal+ walituletea Crime and Justice, tamthilia ya polisi wa Nairobi yenye Sarah Hassan na Alfred Munyua. Niliifurahia. Lakini mpelelezi wa kike anaitwa Makena, na jina hilo peke yake limeshanifikisha Mlima Kenya kabla mwenyewe hajashuka kwenye gari. Mtu akichanganya Kiswahili na Sheng kwa namna fulani, naujua mtaa wake. Akikaza Kiingereza kitupu mbele ya polisi, nimeshaanza kumchukia, na bado hajatuhumiwa kwa lolote. Haki gani hiyo?

Sura nazo husaliti. Enzi za vibanda umiza tulikuwa na sheria isiyohitaji kuandikwa: steringi hafi. Waliokomaa walikuwa na sheria ya pili, kwamba mwigizaji maarufu aliyepewa nafasi ndogo ndiye adui, kwa sababu hawawezi kumlipa fedha zote zile aje kumimina chai na kuondoka. Sheria hiyo haijawahi kunitupa katika filamu za Kimarekani. Huko Copenhagen haina mahali pa kushika. Mgombea umeya, mwalimu wa shule, mpagazi wa samani, msaidizi wa ofisini mwenye suti, wote nawaona kwa mara ya kwanza. Sauti zao haziniambii nani alizaliwa katika nyumba yenye ngazi za marumaru na nani katika ghorofa za wapangaji. Wanasimama mbele yangu wakiwa sawa, na inanibidi nifanye anachofanya Lund: nitazame mikono, nitazame nani amejibu upesi mno, nani ameangalia chini jina la marehemu lilipotajwa.

Sofie Gråbøl anamwigiza Lund kama mtu aliyesahau kwamba chumbani kuna wengine. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, alikuwa anahamia Uswidi kuishi na mchumba, na kila siku tunayoitazama ni siku anayoshindwa kupanda ndege. Haongei sana. Na kwa kuwa haongei sana, nami nisiyejua lugha yake sipungukiwi na mengi.

Msomaji wa Muhammed Said Abdulla atanikumbusha kwamba upelelezi si mgeni kwetu. Kweli. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960, na Bwana Msa akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum walikuwa wakifumbua mafumbo ya Unguja miongo mingi kabla ya Denmaki kuanza kutuuzia baridi yake. Raha ya vitabu vile ni mazungumzo: watu wanazungushana, wanapigana vijembe, wanaficha kwa adabu. Msomaji anayejua Kiunguja anapata mara mbili. Ndiyo maana sisemi kwamba lugha ya kigeni ni bora. Nasema inanipa zoezi ambalo lugha yangu hainiruhusu, la kumshuku kila mtu kwa kipimo kimoja.

Maandishi ya chini nayo yana ukali wake. Tamthilia ya Kiswahili naifuatilia nikiwa jikoni, nakaanga, najibu simu, nauliza "amesema nini huyo?" na naendelea. Hii inadai macho yote mawili. Ukiinama kuokota kijiko umepoteza ushahidi. Nimewahi kumwona mtu mzima anayeshindwa kukaa dakika kumi bila kugusa simu akakaa saa nzima ameganda, simu imelala kifudifudi, kwa sababu tu alijua akigeuka hatapata wa kumsimulia.

Na hapo nagusa jambo ambalo baadhi ya rafiki zangu hawataki kulisikia. Katika maduka ya kujaza muvi kwenye flashi, swali la kwanza la mteja ni "Imetafsiriwa?" Hamaanishi maandishi. Anamaanisha: yupo mtu anayesema juu yake? Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina maveejay wake wanaosimulia kwa Kiganda, na hawa ni mabingwa. Mpe DJ Afro filamu moja ya kareti, atakurudishia filamu mbili, na ya pili ndiyo tamu. Lakini mpe Sarah Lund amesimama katika chumba cha kulala cha marehemu, haneni, anatazama kitanda tu. Msimulizi afanye nini? Atasema. Ndiyo kazi anayolipwa. Na akishasema "hapa dada anawaza", upelelezi umekwisha, maana tumeambiwa la kufikiri.

Kuingiza sauti ni hatari ya aina nyingine. Sultan ya Waturuki iliingia nyumba nyingi kupitia Azam kwa sauti za Kiswahili, na kabla yake, mwaka 2011, TBC ilikuwa imetuletea Doudou na Mama Wakwe Zake kutoka China. Kwa mambo ya ndoa, wakwe na husuda, sawasawa kabisa. Mama mkwe ni mama mkwe, na akisema Kiswahili anakuwa wa mtaa wa pili. Lakini mshukiwa ukimtia sauti ya Dar es Salaam umemrudishia kila kitu nilichofurahi kukikosa. Ana lafudhi sasa. Ana mtaa. Nimeshamhukumu.

Watazamaji wa KBC nchini Kenya walimjua Derrick hivyohivyo, kwa sauti za Kiingereza zilizobandikwa. Inspekta Stephan Derrick wa Munich, koti refu, macho yenye mifuko, na msaidizi wake Harry Klein wa kutumwa gari. Televisheni ya Ujerumani, ZDF, ilitengeneza sehemu 281 kati ya mwaka 1974 na 1998 na kuziuza katika nchi zaidi ya 100. Kiingereza kile hakikuwa cha mahali popote. Tajiri wa Munich na mlevi wa kituo cha treni walisema kwa ufasaha uleule wa studio, kila silabi imepigwa pasi. Mwaka 2013, miaka zaidi ya minne baada ya mwigizaji wake Horst Tappert kufariki, ikajulikana kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la Wanazi. ZDF ikasema haitamrudia tena hewani. Kisa hicho kinaitikisa nadharia yangu, na sitajifanya hakiitikisi. Wajerumani walimsikiliza mtu yule kwa lugha yao, kwa sauti yake halisi, robo karne, kila lafudhi wanaijua, na masikio yao hayakuwaambia kitu.

Basi masikio hutudanganya tukiwa nayo na hutudanganya tukiyakosa. Ila ukiyakosa, kuna bei.

Chukua tamthilia ya Broen, ya mwaka 2011. Taa zinazimika juu ya daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000 kuunganisha Copenhagen na Malmö, na zinapowaka maiti imelazwa katikati kabisa, juu ya mpaka. Polisi wa nchi mbili lazima wafanye kazi pamoja: Saga Norén wa Uswidi, asiyejua kusema uongo wa adabu, na Martin Rohde wa Denmaki, anayeujua vizuri mno. Kila mmoja anasema lugha yake, na mwenzake anamjibu kwa yake. Kwa mtu wa huko nusu ya utamu ndipo ulipo, katika kusikilizana kwa shida, katika kujifanya umeelewa, katika utani wa majirani. Mimi nilitazama sehemu kadhaa nikidhani wote wanasema lugha moja. Maandishi ya chini yalikuwa yamewasawazisha. Hebu fikiria maiti imelazwa mpakani kati ya Holili na Taveta, mguu mmoja Tanzania na mmoja Kenya, askari wawili wamefika, mmoja anaanza na "samahani ndugu yangu, shikamoo mzee, habari za asubuhi", mwenzake anasema "hebu sema haraka, ni nini hii?" Sisi tumeshacheka. Mtazamaji wa Oslo amesoma mistari miwili ya maandishi na hana habari.

Ndivyo anavyotupita Catarella pia, yule polisi wa mapokezi katika Il commissario Montalbano ya RAI, televisheni ya Italia. Andrea Camilleri alivitunga visa vile kwa Kiitalia kilichochanganywa na Kisisilia, na Catarella anavuruga vyote viwili, kila jina analolipokea kwenye simu linamfikia inspekta likiwa limevunjika mbavu. Maandishi ya chini hujitahidi. Naona watu wanacheka, nami natabasamu kwa adabu kama mgeni harusini. Nafuu yangu ni kwamba Montalbano akila haruhusu mtu kusema, na samaki hahitaji tafsiri.

Lakini kuna mtu mmoja katika tamthilia hizi ambaye asili yake haipotei hata kwangu. Ni mgeni. Katika Forbrydelsen yumo mwalimu wa Nanna, Rahman Al Kemal, wanayemwita Rama. Anasema Kidenmaki kilekile wanachosema wenzake, mimi siwezi kumtofautisha. Wao wanaweza. Jina lake likishatajwa, nchi nzima ya mle ndani inaegemea upande mmoja, na Theis, yule baba tuliyemlilia, anamtendea unyama. Mle ndani wapo watu wenye masikio kama yangu ya Crime and Justice, wanaohukumu kwa jina kabla ya gari kusimama. Mtazamaji wa Kiafrika anakaa pande mbili kwa wakati mmoja: kwa Wadenmaki wote yeye ni mpelelezi asiye na upendeleo, na kwa Rama ni ndugu wa mshukiwa. Filamu ya kwanza ya Montalbano, ya mwaka 1999, nayo ina Mtunisia aliyeuawa kwa risasi kwenye chombo cha uvuvi cha Wasisilia, na mama wa Kitunisia mfanya usafi, Karima, ambaye mwanawe anawapora watoto wenzake vitafunio kwa njaa. Tumo ndani ya hadithi hizi tangu mwanzo. Tunasafisha sakafu zake.

Aliyelijua hilo kuliko wengi ni Henning Mankell, baba wa inspekta Kurt Wallander. Kuanzia mwaka 1986 aliongoza Teatro Avenida mjini Maputo, na mpaka alipofariki mwaka 2015 maisha yake yaligawanyika kati ya Uswidi na Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Kitabu cha kwanza cha Wallander kilitoka mwaka 1991. Wazee wawili wakulima wameshambuliwa usiku karibu na mji mdogo wa Ystad, na kabla ya kukata roho bibi anadokeza kwamba waliofanya hivyo ni wageni. Wallander anajua kitakachotokea habari hiyo ikitoka nje ya kituo. Inatoka. Kambi ya wakimbizi inatiwa moto, na Msomali mmoja anayejitembelea zake barabarani anapigwa risasi akafa. Sasa inspekta ana kesi mbili, na ya pili imezaliwa na uvumi wa ya kwanza. Sioni ajabu kwamba kisa hicho kilitungwa na mtu aliyekuwa na nyumba Maputo. Alishazoea kuwa yeye ndiye mgeni anayesikika kutoka mbali.

Wallander ameigizwa na watu kadhaa, na watatu nimewatazama. Rolf Lassgård, mkubwa, mwenye hasira na anayehema. Krister Henriksson, mpole, ambaye katika msimu wa mwisho wa mwaka 2013 anaanza kusahau. Na Kenneth Branagh wa BBC, kuanzia 2008, aliyepelekwa Ystad yenyewe, ile bahari na yale mashamba ya njano, kisha wote wakapewa Kiingereza. Mandhari ni nzuri kuliko zote. Ila Branagh akifungua kinywa namsikia mwigizaji wa Shakespeare, na kila anayemjibu namweka katika tabaka lake la Kiingereza, kwa sababu lugha hiyo tumefundishwa kwa kiboko na tunaijua hadi tabaka zake. Wamarekani walifanya vivyo hivyo kwa Forbrydelsen mwaka 2011, wakaihamishia Seattle. Mvua walikuwa nayo ya kutosha. Nilimshuku mtu katika dakika za mwanzo kwa jinsi alivyosema "bwana", nikazima.

Kuna kanuni waliyokuwa nayo wakuu wa tamthilia wa DR miaka ile: chini ya hadithi ya kwanza iwepo ya pili, inayohusu namna nchi inavyoishi. Waliandika kwa ajili ya watu wao, nchi ya watu milioni tano na ushei iliyolipia kituo chake ada kila mwaka, na hakuna mahali wahusika wanasimama kumweleza mgeni jinsi halmashauri ya Copenhagen inavyochagua meya. Mimi nadukiza tu. Tamthilia zinazotengenezwa kwa makusudi ya kuuzwa dunia nzima hunichosha kwa sababu kila mtu ndani yake anaongea akijua nipo.

Kwa hiyo ningependa siku moja itengenezwe ya kwetu, kwa Kiswahili chetu chote, bila kumfikiria mtu wa Aarhus kule Denmaki hata kidogo. Maiti ipatikane Forodhani alfajiri. Washukiwa wawe Mpemba muuza karafuu, Mhaya mhasibu, Mkenya wa hoteli, na bibi mmoja wa Mji Mkongwe anayejua yote na hasemi. Kisha DR wainunue na kuitia maandishi ya Kidenmaki. Mtu wa Aarhus atakaa ameganda, simu kifudifudi, akiwashuku wote wanne kwa haki kabisa, na akisifu ukimya wa bibi. Sisi huku tutakuwa tumeshamjua muuaji tangu sehemu ya pili, kwa jinsi alivyoitikia shikamoo.